Hisa za lithiamu ya maji chumvi: jinsi ya kuipima kampuni ya utafutaji kabla hujatoa hela

Ujumbe ninaoupata kila mwezi hubadilika jina la kampuni tu. "Kaka, wamechoronga kisima Argentina, wamepata miligramu 900 za lithiamu kwa lita, hisa bado senti 30. Niingie?" Nikiuliza maji hayo yalitoka kina gani, yalivutwa kwa pampu siku ngapi, na kampuni imebakiwa na hela ya miezi mingapi, simu inanyamaza.

Mwongozo huu ni wa kujibu maswali hayo matatu na mengine yanayoandamana nayo. Unahusu kampuni changa zinazotafuta lithiamu kwenye maji chumvi yaliyo chini ya maziwa makavu ya milima ya Andes, hasa Argentina ambako nyingi zimejazana. Hauhusu lithiamu ya mwamba. Hiyo ina hesabu zake, ingawa Manono ya Congo nitaitaja mara moja kwa ajili ya habari za leseni.

Kampuni moja itakula jioni mbili au tatu. Nyingi zitaanguka kabla hujafika hatua ya nne, na zikianguka usizionee huruma, funga faili uende kwa nyingine.

## Andaa hivi kwanza

Akaunti ya dalali anayefika Toronto na Sydney. Kampuni hizi zimeorodheshwa zaidi TSX Venture ya Canada na ASX ya Australia. Kama uko Dar au Nairobi, iulize benki yako kanuni za kutuma fedha nje kabla hujafungua chochote. Angalia pia ada ya muamala. Ada ya dola 15 kwa ununuzi wa dola 200 ni asilimia 7.5, na ukiuza unalipa tena. Hisa ipande asilimia 15 ndipo urudi sifuri.

Ripoti kamili ya kitaalamu. Tangazo la kurasa mbili halitoshi. Za Canada ziko kwenye tovuti ya SEDAR+, na huandikwa kwa kanuni ya NI 43-101. Za Australia ziko kwenye matangazo ya ASX, na hufuata kanuni ya JORC. Mwishoni mwa tangazo kuna jedwali refu lenye herufi ndogo ambalo watu huliruka. Ndilo utakalolisoma. Zote ni bure.

Taarifa ya fedha ya robo mwaka iliyopita. Isizidi miezi minne.

Picha za setilaiti. Copernicus Browser ni bure na inakuonyesha ziwa lenyewe mwezi kwa mwezi.

Kikokotoo, daftari, na namba 5.323. Tani moja ya lithiamu tupu ni sawa na tani 5.323 za kaboneti ya lithiamu, bidhaa inayouzwa. Ripoti huhesabu kwa kaboneti na kuiita LCE.

Hela isiyo na kazi nyingine. Ada ya shule, kodi ya nyumba na mchango wa harusi ya mdogo wako visiingie humu. Kampuni ya utafutaji haina mapato, na hisa yake inaweza kupoteza asilimia 80 bila mtu yeyote kukuibia.

## Hatua ya 1: Jua leseni ni ya nani

Anza hapa kwa sababu kosa la hapa halina dawa. Kila nchi ina sheria yake. Bolivia, lithiamu iko mikononi mwa shirika la serikali, YLB. Chile haitoi leseni ya kawaida ya lithiamu tangu 1979. Unahitaji mkataba maalumu na serikali, na Aprili 2023 Rais Gabriel Boric alitangaza mkakati wa kuiongezea serikali sauti. Argentina madini ni mali ya mikoa, ndiyo maana kampuni changa zimekimbilia Jujuy, Salta na Catamarca.

Fungua sura ya umiliki kwenye ripoti. Andika jina lililo kwenye leseni. Mara nyingi utakuta kampuni haimiliki bado. Ina haki ya kununua kwa awamu, mathalani dola laki tano sasa, milioni mwaka kesho, milioni tatu mwaka unaofuata. Ikikosa awamu moja, leseni inarudi kwa mwenyewe na wewe unabaki na hisa za ofisi yenye meza na printa.

Andika pia mrabaha na mgao wa mkoa. Kule Jujuy shirika la mkoa, JEMSE, lina asilimia 8.5 katika miradi ya Olaroz na Cauchari-Olaroz. Si jambo baya, lakini lazima liwe ndani ya hesabu yako.

Kisha tazama ramani ya leseni zote za bonde lile. Leseni ina mipaka, maji hayana. Kampuni yenye kipande chembamba katikati ya jirani mkubwa anayevuta maji mchana na usiku itaona maji yake yakihamia upande wa pili wa uzio.

Onyo. Wanahisa wa AVZ Minerals ya Australia walikuwa na mashapo ya lithiamu ya Manono, miongoni mwa makubwa duniani. Mei 2022 hisa zao zilisimamishwa ASX huku mgogoro wa leseni ukiendelea, na mwaka 2024 zikaondolewa sokoni. Mwamba wenyewe haukupungua kokoto.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja isiyo na "nadhani": kampuni ina asilimia fulani ya hekta fulani, imebakiza malipo ya kiasi fulani, tarehe fulani.

## Hatua ya 2: Uliza sampuli ilitoka wapi

Hapa nilipigwa mimi mwenyewe. Mwaka 2017 niliweka dola 600 kwenye kampuni moja iliyotangaza "hadi miligramu 1,100 kwa lita". Sikuliona neno "hadi". Sikusoma ukurasa wa pili pia, uliosema sampuli ilitoka kwenye shimo la mita moja na nusu lililochimbwa kwa sepetu. Miezi minane baadaye wakachoronga kisima, wastani ukawa miligramu 340. Niliuza nikapata dola 90.

Kosa langu ni la kemia ndogo tu. Juu ya ziwa la chumvi jua linakausha kila siku, kwa hiyo maji ya juu huwa mazito kuliko ya chini. Sampuli ya shimo la sepetu inakuambia lithiamu ipo bondeni. Haikuambii kuna kiasi gani kwenye mita 200 za chini ambako visima vitavuta.

Soma mbinu waliyotumia. Unachotaka kuona ni sampuli zilizochukuliwa kwa kuziba kipande cha kisima juu na chini na kuvuta maji ya kina hicho pekee, kisha kingine, kisha kingine. Uchorongaji hutumia maji matamu, na yasipoondolewa kwanza hupunguza makali ya sampuli. Ripoti nzuri inaeleza walivyoyaondoa. Unataka pia sampuli za majaribio zilizopelekwa maabara kwa siri pamoja na za kweli: nyingine tupu, nyingine mbilimbili, nyingine zenye kiwango kinachojulikana. Kama sura ya maabara ina aya moja, acha.

Mtego wa ppm. Ppm hupima kwa uzito, miligramu kwa kilo. Maji haya ni mazito, lita moja ina takriban kilo 1.2, hivyo ppm 500 ni kama miligramu 600 kwa lita. Kampuni mbili zenye maji yaleyale zinaweza kukuonyesha namba mbili. Badilisha zote ziwe kwa lita kabla hujalinganisha.

Na namba ngapi ndiyo nzuri? Salar de Atacama ya Chile, mfalme wao, huvutwa maji yenye zaidi ya miligramu 1,500. Olaroz ya Argentina iko kati ya 600 na 700. Silver Peak kule Nevada, inayofanya kazi tangu miaka ya 1960, imeishi na chini ya 300. Kwa hiyo 400 si kifo na 900 si utajiri.

Umefaulu ukiwa na wastani wa visima visivyopungua vitatu vilivyo mbalimbali, kila kimoja na kina chake.

## Hatua ya 3: Pima maji yanayotoka, si maji yaliyomo

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Chukua nazi iliyokunwa, kamua tui mpaka mkono uume. Machicha yaliyobaki bado yamelowa. Ukiyabonyeza kwa kidole utaona unyevu. Maji yamo, hayatoki. Ardhi chini ya ziwa la chumvi ndivyo ilivyo. Mchanga na changarawe huachia maji kirahisi. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa umejaa maji kuliko mchanga, lakini haukuachilii ila kidogo. Chumvi ya mawe ya juu juu ina matundu na hupitisha maji vizuri. Ukishuka chini inakandamizwa inakuwa kama kioo.

Wanahaidrolojia wana vipimo viwili. Kimoja ni nafasi yote iliyojaa maji. Kingine ni sehemu ya maji itakayotiririka yenyewe ukiyapa njia; kwenye ripoti itafute kwa maneno "specific yield" au "drainable porosity". Tume ya dhamana ya Ontario ilitoa waraka mwaka 2011 kuzikumbusha kampuni za maji chumvi kwamba kuhesabu lithiamu bila kujali maji yatatokaje ni kumpotosha msomaji. Bado utakutana na kampuni zinazofanya hivyo.

Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme leseni ina kilomita za mraba 50 zenye maji, unene mita 100, na wastani wa miligramu 500 kwa lita.

Ardhi ni mita za ujazo bilioni 5. Ukichukua nafasi yote iliyojaa maji, tuseme asilimia 40, unapata maji mita za ujazo bilioni 2. Kila mita ya ujazo ina gramu 500 za lithiamu, jumla tani milioni 1. Zidisha kwa 5.323: tani milioni 5.3 za kaboneti. Kichwa cha habari hicho!

Sasa tumia maji yanayotoka, tuseme asilimia 8. Maji ni mita za ujazo milioni 400, lithiamu tani 200,000, kaboneti tani milioni 1.06. Ziwa ni lilelile, chumvi ileile. Tofauti ni mara tano, na haijatoka kwenye ardhi, imetoka kwenye kalamu.

Hujamaliza. Visima havifiki kila kona, weka asilimia 40 tu ya maji hayo ifike juu. Kisha karibu nusu ya lithiamu hupotea kwenye madimbwi na kiwandani. Milioni 1.06 inashuka kuwa tani 212,000 hivi. Kwa kiwanda cha tani 10,000 kwa mwaka, ni miaka 21. Bado biashara, lakini si ile ya kichwa cha habari.

Mwisho wa hatua hii ni jaribio la pampu. Kuvuta maji saa 24 au 48 kunaonyesha kisima kinafanya kazi. Unataka kuona siku kadhaa, na kabla ya mradi mkubwa hata mwezi, huku wakipima mambo mawili: maji yameshuka kiasi gani kwenye visima vya jirani, na makali ya lithiamu yamebaki palepale au yamepungua siku ya kumi. Yakipungua, kisima kinavuta maji matamu kutoka pembezoni.

Ripoti pia itapanga rasilimali kwa ngazi tatu. Ya chini ni ya kukisia, iliyojengwa juu ya visima vichache; ya kati imeungwa mkono zaidi; ya juu imepimwa. Juu yake kuna akiba, ambayo kwa maji chumvi huhitaji mfano wa kompyuta wa namna maji yatakavyotembea kwa miaka. Kampuni yenye ngazi ya chini peke yake inakuuzia swali. Linaweza kuwa swali zuri, ila lilipie bei ya swali.

Umefaulu ukiwa na hesabu yako mwenyewe kwenye daftari, na unajua kwa nini inatofautiana na ya kampuni.

## Hatua ya 4: Angalia magnesi

Lithiamu haikai peke yake kwenye maji haya. Mgeni msumbufu ni magnesi, kwa sababu tabia zake zinafanana na za lithiamu na kuzitenganisha ni gharama. Gawa miligramu za magnesi kwa za lithiamu.

Hombre Muerto ya Argentina iko chini ya 2. Olaroz chini ya 3. Atacama ni 6 hivi, lakini ina makali na ukavu wa kufidia. Uyuni ya Bolivia, ziwa la chumvi kubwa kuliko yote duniani, lenye takriban kilomita za mraba 10,000, liko karibu na 20, na hiyo ni sababu mojawapo ya utajiri wake kubaki midomoni kwa miaka mingi.

Magnesi huondolewa kwa chokaa. Kadiri inavyozidi ndivyo malori ya chokaa yanavyozidi kupanda milima hadi mita 4,000, na kila tope la chokaa linalotupwa huondoka na lithiamu kidogo. Uwiano ukipita 10 na kampuni haielezi itafanya nini, mimi huishia hapo.

## Hatua ya 5: Watakausha au watachuja?

Aliyewahi kusimama kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo au Ngomeni anaijua kazi hii kuliko wachambuzi wengi wa Toronto. Maji yanaingia dimbwi la kwanza, jua linafanya kazi, yanahamishiwa la pili, la tatu, chumvi moja moja inaganda na kuachwa nyuma. Mvua ya siku mbili isiyotarajiwa inakurudisha nyuma.

Kwenye Andes ni hivyohivyo, isipokuwa kule chumvi ya kawaida ndiyo takataka, na safari ya maji kutoka kisimani hadi kiwandani huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Mvua zao ni Desemba hadi Machi. Fungua picha za setilaiti za Februari za miaka mitatu ulinganishe na za Agosti. Kama leseni ya kampuni iko chini ya maji kila Februari, na mchoro wa mradi umeweka madimbwi palepale, una swali la kumwandikia msemaji wao.

Njia ya pili ni kuchuja lithiamu moja kwa moja, ambayo kwenye matangazo huitwa DLE. Maji hupitishwa kwenye punje zinazokamata lithiamu, yanayobaki hurudishwa ardhini. Si uongo, Hombre Muerto imetumia aina yake tangu miaka ya 1990, na Eramet ya Ufaransa ilizindua kiwanda cha tani 24,000 kwa mwaka huko Centenario, Salta, Julai 2024. Lakini inahitaji umeme na maji matamu ya kuoshea punje, na kilichofanya kazi kwa maji ya bonde moja huenda kisifanye kwa jingine. Dai la kampuni changa lina uzito pale tu lilipojaribiwa kwa maji yake yenyewe, kwenye mtambo wa majaribio uliokwenda miezi mfululizo.

Njia yoyote, zidisha muda wanaoutaja. Olaroz ilianza kuzalisha mwaka 2015 ikiwa na lengo la tani 17,500 kwa mwaka. Kwenye mwaka wa fedha ulioishia Juni 2021 ilitoa takriban tani 12,600. Na huo ni mradi uliofanikiwa.

Umefaulu ukiwa umeandika mwaka wa uzalishaji wanaoutaja, na pembeni yake mwaka wako, uliosogezwa angalau miaka mitatu.

## Hatua ya 6: Hesabu hisa zote na miezi iliyobaki

Kampuni ya utafutaji inauza kitu kimoja: hisa zake. Ndicho kinachowalipa wachorongaji, mjiolojia, tiketi za ndege na mkurugenzi. Kwa hiyo kila miezi kadhaa watachapisha hisa mpya, na kipande chako cha keki kitapungua. Swali ni lini, kwa bei gani, na nani alikaa mezani keki ikikatwa.

Chukua mfano. Hisa zilizopo ni milioni 80, bei senti 40, kampuni inaonekana ya dola milioni 32. Sasa fungua ukurasa wa mtaji. Kuna waranti milioni 30, yaani karatasi zinazompa mwenyewe haki ya kununua hisa mpya kwa senti 25. Kuna opsheni milioni 8, haki kama hiyo waliyopewa wakurugenzi, kwa senti 20. Jumla milioni 118. Kwa senti 40 kampuni ni ya dola milioni 47.2. Na kila hisa ikivuka senti 25, wenye waranti wana sababu ya kununua na kuuza siku hiyohiyo. Ndiyo maana hisa nyingine "hugoma" kwenye bei fulani bila habari yoyote.

Kisha hela. Benki kuna dola milioni 3.1, matumizi ni 450,000 kwa mwezi. Hiyo ni miezi saba kasoro siku chache. Mpango wao wa uchorongaji ni wa mwaka. Umepata jibu la lini watauza hisa mpya.

Kwa kampuni za ASX kazi ni nyepesi. Kila robo mwaka hutoa fomu iitwayo Appendix 5B, na kipengele cha 8 kinataja robo ngapi za hela zimebaki. Zikiwa chini ya mbili, kampuni inalazimika kueleza itafanya nini. Soma maelezo hayo kwanza, picha nzuri za flamingo baadaye.

Kwa Canada, hisa mpya zinazouzwa kwa watu maalumu hufungiwa miezi minne na siku moja. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako. Walionunua kwa senti 25 wakati wewe unanunua kwa 40 watafunguliwa siku hiyo, na wengi hawakuingia kwa mapenzi ya jiolojia.

Angalia mwisho matumizi yalikwenda wapi. Gawa hela iliyoingia ardhini kwa jumla ya matumizi. Mimi nataka zaidi ya nusu iwe visima, sampuli na uhandisi. Nimewahi kuona "mahusiano na wawekezaji" yakila zaidi ya uchorongaji mwaka mzima. Kampuni hiyo ilikuwa inatafuta wanunuzi wa hisa, haikuwa inatafuta lithiamu.

Umefaulu ukiwa na namba tatu: hisa zote pamoja na waranti na opsheni, miezi ya hela, tarehe ya kufunguliwa.

## Hatua ya 7: Maji matamu na wenyeji

Hii ni fupi lakini isirukwe. Wanaoishi kandokando ya mabonde haya, jamii za Kolla na Atacama miongoni mwao, wanategemea chemchemi chache kwa mifugo na kilimo. Kule Salinas Grandes, Jujuy, jamii za wenyeji ziliandika mwaka 2015 utaratibu wao wa kushauriwa, unaoitwa Kachi Yupi, yaani nyayo za chumvi, na wameshikilia msimamo hadi baadhi ya wawekezaji wakaondoka. Machi 2024 mahakama kuu ya Catamarca ilizuia vibali vipya kwenye eneo la mto Los Patos, Hombre Muerto, mpaka athari za miradi yote zipimwe kwa pamoja.

Kwa hiyo tafuta kwenye ripoti: maji matamu yatatoka wapi, kibali cha mazingira ni cha hatua ipi (cha kuchoronga si cha kujenga), na kuna makubaliano yaliyosainiwa na jamii ipi. Kisha tafuta jina la bonde kwenye magazeti ya Salta na Jujuy kwa Kispanyola. Programu za tafsiri zinatosha. Kama maandamano yako ukurasa wa mbele kule na tangazo la kampuni linasema "uhusiano mzuri na wadau", mwamini mwandishi wa kule.

## Hatua ya 8: Bei, kisha kununua na kuuza

Kampuni iliyovuka hatua saba bado inaweza kukutia hasara kwa sababu ya bei ya lithiamu peke yake. Novemba 2022 tani ya kaboneti nchini China ilikaribia yuani 600,000. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa chini ya 100,000. Hisa za utafutaji huanguka zaidi ya bei yenyewe, kwani anayenyimwa mkopo kwanza ni asiye na mapato.

Tafuta kwenye upembuzi yakinifu wa kampuni bei waliyotumia kwa tani. Upembuzi mwingi wa 2022 na 2023 uliandikwa soko likiwa limelewa. Kata bei yao nusu, uone kama mradi bado unarudisha gharama ya kujenga. Ripoti huwa na jedwali la namna hiyo, likionyesha faida kwa bei tofauti. Soma safu ya chini kabisa.

Jiulize pia nani atanunua. Kampuni changa chache hujenga mgodi zenyewe. Faida kubwa huja mkubwa akija kuimeza. Zijin ya China ililipa takriban dola za Canada milioni 960 kwa Neo Lithium na mradi wake wa Tres Quebradas, Januari 2022. Mwaka huohuo Rio Tinto ililipa dola za Marekani milioni 825 kwa Rincon. Neo Lithium ilipouzwa ilikuwa na bonde zima chini ya mkono mmoja, magnesi kidogo na upembuzi mkononi. Linganisha na uliyoishika.

Ukiamua kununua, usitume agizo la "nunua kwa bei yoyote". Hisa hizi huuzwa kidogo kwa siku. Bei ya muuzaji inaweza kuwa senti 42 na ya mnunuzi 37. Weka bei yako na usubiri, hata wiki. Gawa hela mafungu matatu: moja sasa, moja baada ya jaribio la pampu, moja iliyobaki isubiri uuzaji ujao wa hisa mpya, ambapo bei mara nyingi hushuka. Kampuni moja isizidi kiasi ambacho ukikipoteza chote utalala vizuri.

Kabla hujabonyeza, andika kwenye daftari sababu tatu zitakazokufanya uuze, zenye namba. Zangu kwa kampuni ninayoishikilia sasa ni hizi: wastani wa kisima cha nne ukishuka chini ya miligramu 450, jaribio la pampu la siku saba likichelewa kupita Septemba, hela ikibaki ya miezi minne bila mbia mkubwa. Kisima cha nne kilitoka na 470. La Septemba bado nalingojea.